Mizani

Kwenye barabara itokayo Tinde, ikapita Isaka na Kahama hadi mpakani Rusumo, mizani ni mahali. Dereva wa semi akisema "tukutane mizani", utingo hamuulizi ni chombo gani. Lori hupandishwa kwenye bamba, namba hutokea kwenye kioo, safari ikaendelea au ikaishia hapo.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, katika mzizi wa kupima uzito uliotupa pia "uzani". Kilatini kilishika njia nyingine: bilanx, sahani mbili, ndiyo iliyozaa balance ya Kifaransa na Kiingereza. Kiarabu kilitazama tendo, Kilatini kikatazama umbo. Sahani zimetoweka barabarani, lakini swali lake la kulinganisha pande halijatoweka. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 56 kwa gari lenye ekseli 7, na kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Ndiyo maana lori lisilofika tani 56 linaweza kuzuiwa, kwa kuwa mzigo umeegemea nyuma. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka maradufu, madhara kwa barabara huongezeka takriban mara 16. Pengine dereva hahitaji kushusha hata gunia moja. Inatosha aupange mzigo upya.

Mkulima wa pamba wa Usukuma alikuwa amelijua neno hili kwa uchungu kabla ya lami kufika. Alifika kituo cha kununulia na jasho la msimu mzima, akalikabidhi kwa mtu ambaye ndiye mnunuzi, ndiye mpimaji, ndiye msomaji wa namba. Asiyejua kusoma angebisha kwa ushahidi gani? Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuwaweka watu wao waliosoma wasimame kando ya mizani na kuikagua. Naona hatua hiyo ni kubwa kuliko hotuba nyingi za wakati ule: haki iliacha kuombwa, ikaanza kuhesabiwa kilo kwa kilo. Kutokana na vuguvugu hilo, lililoongozwa na Paul Bomani, vyama vya ushirika vilienea, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa makubwa barani Afrika. Bomani mwenyewe akawa Waziri wa Fedha mwaka 1962. Huko alikutana na mtoto wa neno lilelile: mizania, hesabu inayoweka mali upande mmoja, madeni na mtaji upande wa pili.

Kiingereza huita balance hata fedha iliyobaki kwenye akaunti. Sisi tunasema salio, neno la Kibantu litokanalo na kusalia, na nafurahi kwamba hatukuyachanganya. Salio huonyesha kilichobaki tu. Haliulizi kama pande mbili zimelingana. Muuzaji wa pamba anaweza kufungua simu, akakuta salio nono, na bado kilo zake zimepunjwa kituoni.