Kilo Tano za Kwanza

Mtu wa kilo 90 akiambiwa hospitali apunguze mwili, kinachomjia kichwani ni umbo alilokuwa nalo siku ya harusi yake. Anapiga hesabu, anaona kilo 25 zinatakiwa kuondoka, anakata tamaa kabla hajavuka geti. Mwenzake anaacha ugali na wali siku hiyo hiyo, anashindia maji ya ndimu, na wiki ya tatu yuko kwenye kibanda cha chipsi mayai akiagiza sahani mbili. Wote wawili wamekosea mahali pamoja: kiasi. Uzito ambao ukiondoka afya inabadilika kweli ni asilimia 5 hadi 7 tu ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kati ya kilo nne na nusu na sita na ushee.

Ushahidi mzito wa jambo hili ulitoka Marekani mwaka 2002, katika utafiti uliohusisha watu 3,234 waliokuwa na sukari iliyopanda kidogo lakini bado hawajawa na kisukari. Kundi moja lilipewa vidonge vya metformini, dawa ya kisukari, jingine vidonge visivyo na dawa. Kundi la tatu lilipewa walimu na malengo mawili: kupunguza asilimia 7 ya uzito, na kutembea kwa haraka au kufanya mazoezi ya kiwango hicho kwa dakika 150 kila wiki. Wastani wa uzito wao mwanzoni ulikuwa kilo 94 hivi, na kwa wastani walipunguza kilo 5.6. Basi. Hakuna aliyegeuka mwanamitindo. Lakini baada ya karibu miaka mitatu, idadi ya waliopata kisukari katika kundi hilo ilikuwa chini kwa asilimia 58 ikilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Metformini ilipunguza kwa asilimia 31. Mwaka mmoja kabla, utafiti wa Ufini wa watu 522 ulikuwa umefikia asilimia 58 hiyo hiyo.

Kilo chache zinafanyaje kazi kubwa hivyo? Mafuta yaliyojificha tumboni, kuzunguka viungo na ndani ya ini, ndiyo yanayozuia insulini isifanye kazi yake vizuri, na mtu akianza kupungua nayo huanza kupungua mapema. Presha nayo hushuka. Hata magoti yanahesabu: watafiti waliopima wazee wenye maumivu ya magoti waligundua kuwa kila kilo inayoondoka mwilini inalipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Aliyepunguza kilo tano anapanda ngazi na magoti mengine kabisa.

Kuhusu mwendo, ushauri wa kawaida wa kitabibu ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Wiki ya kwanza mara nyingi hudanganya. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na akiba hiyo hukaa pamoja na maji. Mtu akipunguza chakula, akiba inatumika na maji yanatoka, mzani unashuka kilo mbili. Wiki ya pili unashuka robo kilo na mtu anadhani ameshindwa, kumbe sasa ndipo mafuta yanapoondoka. Anayekimbiza zaidi ya hapo kwa kujinyima hupoteza misuli pamoja na mafuta, na hujiongezea hatari ya mawe kwenye mfuko wa nyongo. Zile chai za kupunguza mwili zinazouzwa mitandaoni nyingi zina sanamaki, ambayo kazi yake ni kuendesha tumbo. Kinachotoka ni maji na kinyesi. Mafuta yanabaki palepale.

Hesabu yenyewe iko jikoni, na wala haihitaji chakula cha kigeni. Mtazame mpishi wa chapati. Donge limesukumwa, limetupwa kwenye kikaango, upande wa kwanza umepakwa kijiko cha mafuta, unageuzwa, kijiko kingine, kisha kidogo pembeni ili chapati iwe laini. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, yawe ya alizeti au ya mawese, kina kalori 120 hivi, karibu sawa na nusu saa ya kutembea kwa haraka. Mboga nayo hukaangwa kwa mafuta yanayomiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu, bila kipimo. Mwenye nyumba akianza kupima kwa kijiko, atashangaa mwenyewe.

Halafu kuna chai. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe, ni vijiko tisa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na linaona ni bora zaidi ikibaki chini ya asilimia 5, yaani kama vijiko sita vya chai. Soda moja ya chupa ya mililita 300 peke yake ina karibu vijiko vinane.

Sasa mtu apunguze kijiko kimoja cha mafuta katika sehemu yake, sukari ishuke kutoka vijiko tisa hadi vitatu, soda ya mchana iwe maji, na ugali upungue tonge chache, kiasi cha ngumi. Jumla ni karibu kalori 500 kwa siku, na hapo nusu kilo kwa wiki inakaribia. Nafasi iliyobaki kwenye sahani ijazwe maharage, mchicha, matembele, dagaa: vyakula vinavyoshibisha na kukaa tumboni. Baada ya miezi michache mzani utagoma, kwa sababu mwili mwepesi unahitaji nishati kidogo kuliko ule mzito. Hilo ni la kawaida, na hapo ndipo kutembea kila siku kunapookoa.

Gumu zaidi ni watu. Pwani, familia inayokula sinia moja haina sehemu ya fulani na sehemu ya fulani, na anayenawa mikono mapema anaulizwa kama amesusa. Kwa hiyo ni busara kubadilisha sufuria nzima, mafuta na sukari vipungue kwa wote, kuliko kumtenga mmoja na sahani yake. Kisha kuna swali la majirani: mbona umekonda, unaumwa? Miaka ya 1980 na 1990, kabla dawa za UKIMWI hazijawafikia wengi, kukonda kuliogopwa, na hofu hiyo bado ipo. Isidharauliwe. Anayepungua bila kukusudia anapaswa kwenda kupimwa haraka, maana kifua kikuu na kisukari chenyewe huanza hivyo. Na anayetumia insulini au vidonge vya kisukari azungumze na daktari kabla ya kupunguza chakula, sukari isije ikashuka ghafla. Mjamzito asianze kujipunguza mwili.

Wengi wanaogopa kwamba kilo zitarudi. Wale wa kundi la tatu katika utafiti wa Marekani waliendelea kufuatiliwa, na kweli sehemu ya uzito ilirudi mwaka baada ya mwaka. Hata hivyo, miaka 10 tangu waanze, kisukari kilikuwa bado chini kwa asilimia 34 katika kundi lao, na baada ya miaka 15, kwa asilimia 27. Wengi wao walikuwa wamefika miaka ya sitini na zaidi, umri ambao kila mwaka bila kisukari ni mwaka ambao macho, figo na miguu vimepumzika.