Petroli katika Eropleni Yenye Injini ya Motakaa

Injini ya motakaa ikikosa petroli njiani, dereva hushuka na kuitazama. Rubani hana nafasi hiyo. Kwa hiyo mtu ajiundiaye eropleni nyumbani, akatia injini ya motakaa, yampasa kufikiri habari za petroli kabla ya habari za nguvu.

Bernard Pietenpol, fundi wa Cherry Grove katika jimbo la Minnesota, Marekani, alirusha eropleni yake ya mbao na kitambaa mwaka 1929 kwa injini ya Ford Model A, yenye nguvu za farasi kama 40. Petroli ilishuka kwa uzito wake wenyewe toka tangi lililo juu kuliko kabureta, bila pampu yo yote. Kisicho na pampu hakiharibikiwi pampu.

Lakini msukumo wa uzito ni mdogo. Eropleni ipaapo, pua huinuka, na kabureta iliyo mbele huinuka pamoja nayo; kimo cha petroli juu ya kabureta hupungua saa ile ile injini itakapo petroli nyingi kabisa. Ndiyo sababu hujaribiwa kwanza chini: pua huinuliwa kama wakati wa kupaa, petroli ikiwa kidogo tangini, bomba hufunguliwa penye kabureta, na kinachotoka hupimwa kwa saa. Kanuni ya Marekani, mpaka mwaka 2017, ilitaka 150 kwa mia ya kile injini inachokunywa kwa nguvu zote. Inywayo lita 20 kwa saa na ipate 30. Tena tangi lazima livute hewa. Anayemimina mafuta katika debe lenye tundu moja ajua jinsi yanavyositasita.

Injini za siku hizi zisizo na kabureta hutaka petroli kwa msukumo mkubwa, basi pampu za umeme hazina budi, nazo ziwe mbili, kila moja na waya wake. Adui hapa ni mvuke. Petroli inayovutwa huchemka upesi kuliko inayosukumwa, hasa karibu na injini yenye moto; pampu na ikae chini, karibu na tangi.

Maji nayo hujikusanya tangini. Kabla ya kuruka, kizibo cha chini kabisa hufunguliwa, petroli kidogo ikapokewa katika glasi. Maji, kwa kuwa ni mazito, hukaa chini, na humwagwa mpaka itoke petroli tupu.