Maud Lewis: mikono ilijikunja, brashi haikuanguka

Ukipita barabara ya Diani kutoka Ukunda utaziona picha zimetundikwa kando ya njia: twiga, ndege, mashua. Nyingi ni za mtindo wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi za baiskeli na vipande vya hadibodi kwa kuwa ndivyo alivyovimudu. Mimi nikiziona humkumbuka mwanamke wa mbali aliyeanza kazi ya namna hiyo miaka mingi kabla.

Jina lake Maud Lewis. Alizaliwa Nova Scotia, Kanada, pwani ya wavuvi na mashua kama yetu, ila kwao kuna theluji. Baridi yabisi ilimpata utotoni. Vidole vikajikunja, mabega yakashuka, kidevu kikainamia kifuani. Mama yake alimfundisha kuchora kadi, wakaziuza. Hapo ndipo ninapomsifu mama huyo, maana wako wazazi huku kwetu ambao mtoto mwenye ulemavu humweka chumba cha nyuma, mgeni akija asimuone.

Mwaka 1938 Maud aliolewa na Everett Lewis, mchuuzi wa samaki kijijini Marshalltown. Waliishi nyumba ya chumba kimoja, kama mita nne kwa nne, bila umeme wala maji ya mfereji. Akaipamba yote: maua mlangoni, vipepeo na ndege ukutani, hata jiko hakuliacha. Everett akizunguka na samaki, kadi za mkewe zilikwenda naye. Baadaye wakaweka kibao nje, wasafiri wakawa wanasimama kununua.

Mkono wake haukufika mbali, hivyo alichora vibao vidogo, ameketi karibu na dirisha. Hakuchanganya rangi, nyekundu ilikuwa nyekundu. Alichora ng'ombe wa kulima, paka, mashua bandarini, miti iliyochanua. Maisha yake yote hakutoka sana katika eneo lile, na mengi aliyatoa kwenye kumbukumbu.

Sasa njoo kwenye pesa. Kwa miaka mingi picha moja aliiuza dola mbili au tatu. Hata baada ya televisheni ya Kanada kumtangaza mwaka 1965, bei haikufika mbali. Alifariki mwaka 1970 akiwa maskini. Mwaka 2022 picha yake ya lori jeusi, ambayo mchoraji mmoja aliwahi kuibadilisha kwa mkate wa jibini katika mkahawa, iliuzwa mnadani kwa dola 350,000 za Kanada. Nyumba yake yenyewe imo ndani ya jumba la sanaa la Halifax.

Kwetu Kenya, sheria ya hakimiliki iliyorekebishwa mwaka 2019 inampa mchoraji asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena mnadani au na wafanyabiashara wa sanaa. Lakini atalipwa nani ikiwa picha haina jina? Vibanda vingi vya Diani vimejaa picha ambazo hata muuzaji hajui nani kazichora. Basi binti wa Msambweni anayechorea kitini mwake, na kaka anayempelekea picha sokoni, waandike jina na mwaka kwenye kila kibao, na daftari la wanunuzi likae nyumbani.