Kabla ya kwenda kwa wakili kuandika wasia



Mwezi uliopita kaka yangu, anayeishi Ruiru kwa zaidi ya miaka ishirini, alinipigia simu nipande bara nimsindikize kwa wakili mjini Thika. Alitaka kuandika wasia kwa ajili ya kijana wake wa kulea, aliyeingia nyumbani mwake akiwa mchanga na leo yuko kidato cha tatu. Jirani alikuwa amemwambia, "Mali ni yako, mwandikie yote."

Jirani si Muislamu, na Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, humpa yeye uhuru mpana. Lakini tangu 1990 sheria hiyohiyo inasema mirathi ya Muislamu hufuata sheria ya Kiislamu. Mtoto wa kulea si mrithi. Bila wasia hana lake. Kwa wasia anaweza kupata, ila isizidi theluthi moja ya kinachobaki baada ya maziko na madeni. Mrithi naye hausiwi, isipokuwa warithi wenzake waridhie.

Basi usiku kabla ya kwenda Thika tulikaa na daftari.

Kwanza tuliandika warithi. Mkewe ana thumuni, mama yetu sudusi, binti yake wa pekee nusu. Kinachobaki ni changu mimi, ndugu yake wa pekee. Nikamwambia wazi: "Kaka, usipoandika, mimi nafaidika, na kijana anayekuita baba atoka mikono mitupu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Andika theluthi."

Pili, mali. Ploti ya Ruiru ina cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi, hatimiliki bado. Wakili lazima ajue hilo. Nyumba iliyo juu yake, mkewe aliijenga pamoja naye kwa pesa zake. Sehemu hiyo ni mali ya mke, si ya kurithiwa, na itengwe kwa maandishi angali hai.

Tatu, madeni, hata yale ya mdomo kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Deni hutangulia wasia.

Nne, msimamizi na mashahidi. Sheria yataka mashahidi wasiopungua wawili. Anayeachiwa kitu asiwe shahidi, maana aweza kukipoteza kwa sahihi yake mwenyewe. Kwa hiyo kijana hakusimama, na mimi pia sikusimama. Walisimama majirani wawili.

Tulipofika, wakili hakuwa na mengi ya kuuliza. Kazi kubwa tulikuwa tumeifanya mezani nyumbani.

Ndugu msomaji, kama unalea mtoto wa mwenzio, hesabu warithi wako leo. Ukimkosa kwenye orodha, jua ni wewe tu unayeweza kumwekea chochote, na ni wakati ungali na pumzi.