Baharini mwenye baridi hachekwi: Somo nililopata Kisite mwezi wa Agosti

UKIKULIA Nairobi, kuna kitu kimoja unachojua kuhusu Pwani: huko ni joto. Kwa hivyo tulipopanga safari ya Kisite mwezi wa Agosti, mimi na marafiki wanne, hakuna aliyebeba sweta. Kwani sweta ya nini Pwani?

Tulikuwa tumechanga pesa miezi mitano, mia mbili mia mbili kila wiki. Tukavuka feri Likoni kabla jua halijachomoza, tukashuka hadi Shimoni, Kaunti ya Kwale, tukapanda boti. Ndoto yetu ilikuwa moja: kuogelea katika Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, mahali pomboo na kasa wanaishi huru, si kuwatazama kwa simu tu.

Pomboo tuliwaona kweli. Kama watano hivi, wakipasua maji mbele ya boti. Tulipiga kelele kama watoto wa nasari. Kisha nahodha akafunga boti kwenye boya karibu na kisiwa cha Kisite, tukavaa jaketi okozi, miwani na mirija ya kupumulia, tukaruka.

Manze, yale maji! Pumzi ilinikatika. Kifua kikabana, nikameza chumvi ya kutosha mboga ya wiki nzima. Lakini baada ya dakika moja mbili mwili ukazoea. Nikaona samaki wa kila rangi juu ya matumbawe, nikasahau kabisa habari ya baridi.

Huko kusahau ndiko nusura kutuletee msiba.

Tulipokaa kama dakika arobaini, rafiki yetu mmoja, yule mwembamba kutushinda sote, alianza kugonganisha meno. Nahodha akamwita apande. “Niko sawa, mzee,” akajibu. Unajua ilivyo. Umelipa pesa yako, hutaki kuwa wa kwanza kutoka. Na sisi, badala ya kumshauri, tukaanza kumcheka. Hilo ndilo linaniuma hadi leo.

Punde si punde msuli wa mguu ukamkaza, akaanza kupiga maji ovyo kwa mikono. Jaketi ndilo lililomweka juu. Msaidizi wa nahodha aliruka akamvuta. Alipofikishwa kwenye boti hakuweza hata kufungua kamba za jaketi. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, maneno yakitoka nusu nusu.

Nahodha hakufoka. Alimvua fulana iliyolowa, akamkausha, akamfunga leso mbili, akamketisha chini mahali upepo haufiki. Alipoanza kuongea vizuri akampa chai ya tangawizi yenye sukari ya kutosha. Ndipo akatugeukia. “Wanangu, baharini mwenye baridi hachekwi. Anapandishwa.”

Mbona maji ya Pwani yakupige baridi?

Niliacha koleji mwaka wa pili, na fizikia haijawahi kuwa rafiki yangu. Lakini hii nilikaa nikaisoma.

Mwili wako una joto la nyuzi 37 hivi. Mwezi wa Machi na Aprili bahari yetu hufika karibu nyuzi 29. Wakati wa kusi, hasa Julai na Agosti, hushuka hadi kama 25. Hewa ya nyuzi 25 ni raha tupu, unatembea na fulana tu. Maji ni stori tofauti, kwa sababu huondoa joto mwilini takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Ukiwa ndani unapoteza joto polepole bila kujua, na ukitoka upepo wa kusi unakumalizia.

Pomboo hatetemeki kwa sababu ana tabaka nene la mafuta chini ya ngozi. Wewe huna. Hata kule Orlando, Marekani, jimbo la Florida linalosifika kwa jua, wageni wanaoingia majini na pomboo pale Discovery Cove hupewa suti au vizibao vya mpira. Suti hiyo hushika maji kidogo karibu na ngozi, mwili ukayapasha joto, na ule mpira wenyewe huzuia joto lisitoroke.

Kwa hivyo ufanyeje?

Kabla hujalipa, uliza kama kuna suti ya mpira ya kukodi. Waliotuuzia safari hawakutaja, nasi hatukuuliza. Ukikosa, fulana ya kuogelea inayobana ni afadhali kuliko kifua wazi. Kula asubuhi pia. Mahamri na mbaazi si anasa, ni mafuta ya injini.

Usiruke kama sisi. Shuka kwa ngazi, jimwagie maji usoni na shingoni, kisha toa pumzi ndefu polepole. Shikilia ngazi au elea na jaketi lako hadi pumzi itulie, ndipo uweke mrija mdomoni.

Pangeni muda. Dakika ishirini ndani, kisha mnapanda kupata joto. Muogelee wawili wawili, kila mmoja akimwangalia mwenzake. Meno yakigongana, huo ni wakati wa kutoka. Vidole vikikataa kazi au mtu akiongea kama mlevi, umechelewa, mtoe sasa hivi na usimwache arudi majini siku hiyo. Na mguu ukikaza, elea chali, nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, kisha ita boti.

Ukitoka, vua nguo zilizolowa mara moja. Taulo, leso, sweta na kofia viwe kwenye mfuko usioingia maji. Kunywa kitu cha moto chenye sukari. Pombe achana nayo. Inakufanya uhisi joto huku ikilitoa mwilini kupitia ngozi.

Rafiki yetu alipona. Tulipofika kisiwa cha Wasini kwa chakula cha mchana, alikula wali wa nazi na samaki kutushinda sote. Njiani kurudi nilimwomba msamaha kwa kumcheka. Akaniambia alianza kuhisi vibaya mapema sana, ila aliogopa tutamwita laini.

Sasa tunachanga tena, twende Februari wakati wa kaskazi, bahari ikiwa na joto na imetulia. Tumeweka sheria moja kwenye kundi letu la WhatsApp: wa kwanza kusema anahisi baridi, sote tunapanda naye, na yeye ndiye anayemiminiwa chai kwanza.