Kipindupindu cha Lusaka na Mikono ya Mwuguzaji

Mwezi Oktoba 2023 kipindupindu kilizuka katika nchi jirani ya Zambia. Kufikia Januari 2024 hospitali za Lusaka zilikuwa zimelemewa, hata uwanja mkubwa wa michezo ukageuzwa kituo cha matibabu. Watu zaidi ya 700 walikufa, na wengi wao walifia majumbani au njiani. Malawi nayo, katika mlipuko ulioanza mwaka 2022, ilizika zaidi ya 1,700.

Kwa askari jambo hili haliko mbali, kwani katika nyumba za kambi familia nyingi hutumia bomba moja na choo kimoja.

Yafaa ieleweke kwamba kipindupindu hakimrukii mtu kwa kuketi kando ya mgonjwa. Vijidudu vyake vimo katika choo na matapishi, navyo huingia mwilini kwa njia ya kinywa. Wale wamkimbiao mgonjwa hukosea mara mbili: humnyima maji, na kisha ndoo yake huisuuza penye bomba la wote.

Hatari kubwa ni mikono. Aghalabu yule amwoshaye mgonjwa ndiye huyo huyo asongaye ugali. Kazi hizo zigawanywe, na baba asijitoe kwa kisingizio cha zamu. Kama yupo mtu mmoja tu, basi anawe kwa sabuni na maji ya kumiminiwa kila amshikapo mgonjwa, ndoo yake au nguo zake, na kabla ya kugusa chakula. Kunawa wote katika bakuli moja ni kugawana maradhi.

Ndoo ya mgonjwa itiwe klorini kabla ya kumwagwa chooni, kamwe si mtaroni. Kwa sakafu, klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 5 huchanganywa kipimo 1 kwa vipimo 9 vya maji. Nguo zichemshwe na kuanikwa juani. Zisifuliwe kisimani wala mtoni.

Wakati huo huo mgonjwa anyweshwe pakiti moja ya dawa ya chumvi na sukari katika lita moja ya maji yaliyochemshwa. Ikikosekana, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, vyatosha kwa lita hiyo. Anywe kidogo kidogo hata akitapika, huku akipelekwa kituo cha afya bila kungoja kupambazuke, kwani kipindupindu kikali huua kwa saa chache.

Arejeapo nyumbani amepona, choo chake chaweza kuwa na vijidudu kwa siku kadhaa bado. Ndoo ile isirudishwe jikoni.