Zebaki Imo Hata Katika Kopo la Mafuta

Toka Kahama hata Geita, nani asiyeijua zebaki? Wachimbaji wadogo huitia katika karai la mchanga uliosagwa, nayo hukamata dhahabu. Kisha huchomwa, mvuke wake ukaruka, dhahabu ikabaki. Akina mama huwakataza watoto kukaribia moto ule, na hufanya vema. Lakini jioni yuko mama ajipakaye zebaki ileile usoni, kwa kuwa imo ndani ya mafuta ya kung'arisha ngozi aliyoyanunua gulioni. Huizuia ngozi isitengeneze rangi yake.

Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika habari za wagonjwa 60 wa figo. Kati yao 32 walikuwa wakitumia mafuta ya namna hiyo, yenye zebaki.

Ngozi nayo hulalamika kwa njia yake: huwasha, hutoa vipele. Huo ni mzio, na tabia yake ni ya ajabu. Waweza kutumia sabuni moja miezi mingi bila neno, kumbe mwili unajifunza kimya kimya kuikataa. Toka hapo hata povu kidogo huamsha vipele. Tena mara nyingi havitoki saa ileile, ila baada ya siku moja au mbili, basi twasingizia dagaa! Mimi mwenyewe niliwashwa shingo wiki tatu nikiilaumu kola ya shati. Yalikuwa manukato ya sabuni, ambayo si sumu kama zebaki, lakini huwasumbua wengi.

Ukiona vipele, acha sabuni na mafuta yote mapya, oga maji matupu, usiongeze dawa ya kubahatisha. Nenda zahanati na kopo lenyewe mkononi. Sabuni au mafuta mapya yenye manukato yajaribu kwanza ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, siku saba. Ila zebaki haijaribiwi. Kopo lenye neno "mercury" au "calomel", au lisilo na maandishi, liache dukani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, nao unakataza vipodozi vya zebaki. Magulio yetu hayajasikia bado.

Na mama anyonyeshaye asingoje vipele. Zebaki ya usoni hushika taulo na mto, hupita hata katika maziwa, na mtoto huipata kwa kumkumbatia mama yake tu.